Dereva wa Watu wa Meli

Nianze na ubaya wake, maana wema wake ulikwisha kusemwa na kila mtu Tabora, na mimi nimelazimika kuusikiliza miaka mingi. Alikuwa na kikohozi kibaya. Alikuwa mbishi. Gari lake lilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani, na mgeni aliyekaa upande ule ilimbidi ashuke kwa kupitia upande wa pili. Langu lilikuwa jipya zaidi, lina vitambaa vya viti ambavyo mke wangu alivifua kila Alhamisi. Pamoja na hayo, mgeni akishuka treni ya Kigoma pale stesheni, alilipita gari langu safi na kuuliza, "Yuko wapi yule dereva?"

Alisema "yule" tu, kama vile sisi wengine tulikuwa nguzo za stesheni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ile ya Mwingereza, mtu aliyetoka Kongo au Rhodesia Kaskazini kwa meli ya ziwani alishukia bandari ya Kigoma. Kama alitaka kwenda Nairobi kwa ndege, alipanda treni Kigoma jioni, akalala njiani, akaamkia Tabora, kisha akatafuta teksi ya kumfikisha uwanja wa ndege kabla ya saa nne. Ndege ilikuja mara mbili kwa juma. Ukiikosa, ulikaa Tabora siku tatu ukihesabu nzi. Treni nayo ilikuwa na tabia zake. Siku nyingine iliingia mapema, siku nyingine ilichelewa mpaka dakika zilizobaki zikawa za kukimbia. Wasafiri hao sisi madereva tuliwaita watu wa meli, ijapokuwa hatukuwahi kuiona meli yenyewe. Na yeye ndiye aliyekuwa dereva wa watu wa meli. Hakuna aliyempa cheo hicho, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Nilimwonea wivu. Jambo hili nalisema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikulisema hata kwa mke wangu. Nilimwonea wivu kwa wageni wake, kwa utulivu wake, kwa jinsi stesheni masta alivyokuwa akimpungia mkono huku mimi akiniambia nisogeze gari. Nikisikia kikohozi chake tu, niliweka bakuli la uji chini.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba alikuwa mtani wangu. Baba yangu alikuwa Mzigua, alikuja Tabora na kazi za reli akaoa hapa hapa. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara. Wanyamwezi na sisi watu wa kule chini, upande wa pwani, ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa zake: anaweza kukutukana mbele za watu, kukuvua kofia akaondoka nayo, kula chakula chako, nawe huna haki ya kukasirika. Basi mimi nilikuwa nikimwambia mbele ya stesheni nzima kwamba kichwa chake kimebapa kwa pembe za ndovu walizobeba babu zake, ndiyo maana hakuna mahali pa ubongo. Yeye alijibu kwamba babu zake walitembea miezi mitatu na mizigo kichwani mpaka kwetu, wakatukuta tumelala. Makuli walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyejua kwamba neno lile la kichwa nilikuwa nimeamka nalo alfajiri, na kwamba sikuwa nacheka. Chuki yangu yote ilitoka mchana kweupe imevaa nguo za utani, na watu waliipokea kwa kicheko. Nilipomwita mchawi, walicheka. Nilipomwambia afe tupumzike, walicheka zaidi, naye akaniambia nianze kuandaa jembe la kumzikia, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Alikuwa mtu mwenye mambo yasiyopatana. Aliendesha gari kwa kasi iliyowafanya wageni washike viti, lakini jioni gari lake aliliacha kwenye ua wa shemeji yake, mtaa wa Mtendeni, akarudi kwao Kwihara kwa miguu. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye gari atembee. Akasema gari ni la wenye haraka, na yeye haraka zake zote amezimaliza mchana. Nilikosea nikaisimulia habari hiyo nyumbani nikitegemea tucheke. Mke wangu akasema, "Yule mzee ana subira." Tangu siku hiyo, kila alipokaanga maandazi alimtengea manne. Nilimwuliza mimi nina nini. Akasema mimi nina hamu ya kula.

Alikuwa mwaminifu kiasi cha kuudhi. Mgeni alisahau leso tu kwenye kiti, naye aliituma Kigoma kwa treni imfuate mwenyewe melini. Lakini huyo huyo aliwadanganya wageni hao hao njia nzima kwenda uwanjani. Wazungu na Wahindi walipenda kusikia habari za misafara ya zamani, basi aliwapa. Mmoja alimwonyesha kichuguu akamwambia hapo ndipo babu yake alipofukia pembe moja ya ndovu, asiione tena. Mwingine alimwonyesha kichuguu hicho hicho akamwambia hapo wapagazi mia walilala njaa wakiogopa simba. Siku moja nilimpata mgeni aliyekuwa amesafirishwa naye mwezi uliopita, nikamwambia yale yote ni uongo. Mgeni akasema anajua, akacheka, akaniuliza kama na mimi ninazo habari za namna hiyo. Sikuwa nazo.

Na palikuwa na jambo lake la kamba. Pale uwanjani ilifungwa kamba ya kuzuia watu wasisogelee ndege. Madereva wote tulikuwa tukipita chini yake tubebe mizigo mpaka mlangoni pa ndege. Yeye hakupita hata mara moja. Alikabidhi mizigo kwenye kamba, akasimama. Alisema anaogopa ndege, kwamba chombo kisichokanyaga chini hakina mahali pa kufungia breki. Lakini pia hakuondoka. Sisi tulikuwa tukigeuza magari mara injini zinapowaka, turudi mjini kutafuta abiria wengine. Yeye alibaki amesimama, mikono nyuma, mpaka ndege ipae, izunguke, iwe nukta, nukta nayo ipotee. Hapo ndipo alipowasha gari. Wageni walioona jambo hilo kupitia dirisha la ndege walilisimulia melini na Kigoma na Nairobi: kwamba Tabora yuko dereva ambaye kazi yake haiishi mpaka usionekane. Nilijaribu na mimi kusimama. Nilisimama mara mbili. Shingo iliniuma, na hakuna aliyenitazama.

Ila siri kubwa ilikuwa moja: aliwajuaje watu wake? Treni ilishusha watu mia mbili, wa Mwanza, wa Dar es Salaam, wa hapa hapa. Yeye alipita katikati yao akamwendea moja kwa moja mtu wa ndege, akamwambia, "Karibu, tunawahi." Hakukosea. Niliamini ni dawa. Nilikwenda mpaka Sikonge kwa mtu aliyesifiwa, akanipa unga uliokandwa kwa asali niuweke ndani ya gari. Ulivuta sisimizi. Mgeni wa kwanza alishuka njiani akijikuna.

Haikuwa dawa. Ilikuwa chaki. Alikuwa na rafiki bandarini Kigoma, kuli wa kupakua mizigo ya meli, ambaye alimwuliza kila msafiri anakokwenda, na wale wa ndege akawachorea alama kwenye sanduku. Masika alitumia mkaa, maana chaki ilifutika. Niligundua siku nilipobeba kwa bahati sanduku lenye mstari mweupe pembeni, na mwenyewe akasema anakwenda uwanja wa ndege. Treni iliyofuata nikatazama tena: kila sanduku lenye mstari lilikwenda kwake. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Miaka yote ile nilikuwa nimemwogopa mtu mwenye kipande cha chaki.

Sasa nilijua, na nilingoja treni ya siku ya ndege.

Asubuhi hiyo ilichelewa. Ilipoingia, yeye alikuwa upande wa pili wa stesheni akizungumza na stesheni masta. Mimi nilikwenda mbio kwenye mabehewa ya mbele, nikaona sanduku kubwa la bati limesimamishwa chini, lina mstari wa chaki, na chini ya mstari pana duara dogo. Duara sikulijua. Nilidhani maana yake ni mzigo mzito. Karibu yake alisimama mwanamke wa makamo, mtu wa Ujiji kwa mavazi yake.

Nikamwuliza, "Ndege?"

Akasema, "Ndege, ila baba..."

Nikamwambia aingie garini, muda umekwisha. Nilikuwa nimekwisha kulinyanyua sanduku. Pembeni walisimama wazee watatu wanne, nikajua baba ni mmojawao, amekuja kumsindikiza, waage na yaishe. Mwanamke alinitazama usoni, akatazama behewa, kisha akaingia garini. Nikawasha. Nilipita mbele ya gari lake lile la kamba ya katani nikapiga honi, na moyo wangu ulijaa kama siku ya harusi.

Tulikuwa tumevuka reli ndipo mwanamke aliposema, kwa sauti ya mtu anayetaka kutulizwa, "Kigoma wametuambia tusiwe na wasiwasi. Wamesema Tabora yuko dereva, akisema twende, twende, yeye mwenyewe anajua mgonjwa atakavyoletwa."

Nikamwuliza mgonjwa gani.

Baba yake alikuwa ndani ya behewa, amelazwa. Hawezi kusimama. Alikuwa anapelekwa Nairobi kupasuliwa, daktari anamngoja kesho, na safari yake ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara mbili. Mwanamke alikuwa ameshuka na sanduku ili amwone dereva, basi. Aliniamini kwa sababu aliambiwa amwamini yeye. Miaka yote nilitaka mtu wa meli anitazame kwa macho yale, na siku nilipotazamwa hivyo nilikuwa nimeyaiba.

Kila mtu wa Tabora anajua kinachofuata treni ya Kigoma ikishaingia. Mabehewa yake hukatwa, yakasukumwa kule nyuma yaungwe na ya Mwanza, yote yaende Dar es Salaam. Nilimwacha mwanamke na sanduku lake kwenye kamba ya uwanja awaombe wenye ndege wangoje, nikarudi stesheni kwa kasi ambayo sijapata kuendesha tena. Mahali pa treni palikuwa patupu. Niliruka reli, nikachungulia behewa hili na hili, nikapita chini ya mengine, nikiita mzee, mzee. Sikumpata. Saa ya stesheni ilikuwa imebakiza robo kufika saa nne. Nilirudi uwanjani nikiwa najua nitakachokuta: mwanamke analia, ndege inawashwa, na mzee wa watu yuko juani ndani ya behewa, peke yake, akielekea Dar es Salaam bila kujua.

Nilikuta gari la kamba ya katani limeegeshwa. Yeye alikuwa amesimama kwenye kamba, shati limelowa jasho mpaka kiunoni, na mgongoni amembeba mzee wa Ujiji. Alikuwa ameliona kwa mbali sanduku lenye duara, kisha akaona nafasi yake ni tupu, akauliza makuli, akaenda nyuma kwenye mabehewa yaliyokatwa, akamtafuta mpaka akampata. Kumtoa kule hapakuwa na kigari, basi alimbeba. Umri wake wakati huo ulikuwa umepita sitini. Alikuwa akikohoa, na mzee mgongoni mwake alikuwa akimpangusa uso kwa kilemba chake.

Wakampokea mgonjwa, wakampandisha. Ndipo mzungu wa uwanja alipokuja na daftari lake. Aliuliza ni dereva gani aliyemwacha mgonjwa stesheni. Mwanamke alinyoosha kidole. Mzungu akaandika namba ya gari langu, akaniuliza jina. Ruhusa ya kuingia uwanjani ilikuwa mkononi mwake, na bila ruhusa hiyo tajiri wangu, mwenye gari, asingeniachia hata siku moja.

Yeye akaanza kucheka. Alicheka na kukohoa. "Bwana, usiandike," akasema. "Huyu ni mtani wangu. Ameniibia abiria, nami ndiye niliyemzoesha. Huu ni utani wetu."

Mzungu alikuwa amekaa nchini siku nyingi, utani aliujua. Alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akafunga daftari. Halafu mtani wangu akanigeukia, na mbele ya watu wote akanipa siri yake bure, kama mtu anayegawa karanga. Akasema, "Mstari ni ndege, mtani. Duara ni mtu asiyejiweza. Ukiona duara, huondoki mpaka yeye ametoka kwanza. Haachwi peke yake."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia. Ndege ikapaa, naye akasimama mikono nyuma mpaka ikapotea. Na wewe utadhani nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilirudi nyumbani nimekasirika kuliko siku zote, kwa sababu hata wizi wangu alikuwa ameuchukua akaufanya wake. Habari ile ilisimuliwa stesheni miaka mingi kama utani mkubwa kuliko wote uliopata kutokea Tabora, na kila iliposimuliwa mimi ndiye niliyeombwa niongeze chumvi.

Kikohozi kilipomzidi aliacha kazi. Alituma neno Kigoma kwa rafiki yake kwamba watu wa meli sasa wawe wangu. Mimi sikumwomba. Wakaanza kunijia, wananitazama juu mpaka chini, wanauliza, "Wewe ndiye yule?" Nilisema ndimi. Nilikuwa nimekipata kila kitu nilichokuwa nikikitamani, na kila siku nilikipokea kwa jina la mtu mwingine.

Nilikwenda kumwona Kwihara mwaka ule wa mwisho wa Mwingereza, asubuhi moja isiyo na treni. Nilimpelekea maandazi ya mke wangu ndani ya kikapu cha ukindu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akisafisha mizinga ya nyuki, amekonda.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mtani." Nikaanza kama kawaida, kwamba nimekuja kupima kaburi nione kama kichwa kile bapa kitaenea. Hakucheka. Aliweka mzinga chini, akafuta mikono polepole.

"Siku ile ya mzee wa Ujiji," alisema, "haukuwa utani."

Nikasema, "Haukuwa."

"Nilijua tangu stesheni. Mtani akikuibia, hubaki pale pale akuone unavyotafuta, akucheke. Wewe ulikimbia."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema vile mbele ya mzungu. Akasema mzungu alikuwa ameshika kalamu.

Halafu nikamwambia yote: wageni, stesheni masta, maandazi, unga wa Sikonge na sisimizi. Nilimwambia kwamba nilipomwambia afe nilikuwa nimekusudia. Nilimwambia hata lile la kusimama nikamtazama anavyotazama ndege, nikataka niwe mimi. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wageni, bila kunikatiza.

"Ulidhani nilikuwa nawasindikiza?" akauliza. "Nilikuwa nawaonea wivu. Kila ndege. Siku moja tu ningepita chini ya kamba ile, nisingeweza kurudi nyuma. Ningepanda."

Aliingia ndani akakohoa kwa muda mrefu, akatoka na kopo la asali lenye kifuniko, akasema ni la mke wangu. Alilifunga mwenyewe kwenye kikapu changu, akaniambia niende, jua linapanda na yeye ana kazi na nyuki. Nikaagana naye. Nilitembea mpaka nilipoegesha gari, nikaweka kikapu kwenye kiti, na hapo ndipo nilipoona chaki. Pembeni mwa kikapu changu, palipo na ukindu mpana, alikuwa amechora alama. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na duara tu, la mtu asiyejiweza.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, Mungu anisamehe, ni wivu: hata akiwa mgonjwa, hata siku hii, neno la mwisho lilikuwa lake. Niligeuka nimtafutie tusi la kumrudishia. Hakuwa ameingia ndani wala hakuwa amerudi kwenye nyuki. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, amebaki pale pale anione ninavyotafuta, anicheke.